Maji Chini ya Samli

Gety, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Kwa binti ya kaka yangu, Jeanine,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na wanafunzi wako na baridi yenu ya Bunia mnayojivunia. Huku tuko wazima kwa kiasi chetu. Goti langu la kushoto limekataa kupanda kilima, ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike, na mjukuu wangu Orly, mtoto wa Vital, sasa hatembei tena, anakimbia. Antena ya simu bado imekufa, ndiyo maana nakuandikia kama zamani za baba yako.

Jambo lenyewe ni dogo. Barua hii inakuja pamoja na bidon nyeupe, dumu la litre tano la samli ya ng'ombe wetu. Anayekuletea ni Lydie, mke wa Vital, nyuma ya moto ya Bruno, ile pikipiki yake. Nataka ujue namna ninavyofanya, ili kesho mtu asiseme kwamba mimi ni mzee, nimesahau. Ninachemsha na kuchuja jioni kwa mkono wangu. Ninamimina samli ikiwa moto mpaka mdomoni, ninafunga kifuniko, na juu yake ninakaza kitambaa kwa kamba ya mgomba, fundo langu mwenyewe. Bidon inalala chini ya kitanda changu. Asubuhi, ikiwa imeganda kama mshumaa, ndipo ninampa Lydie mkononi. Hapo katikati hakuna anayeigusa.

Ikifika, fungua, tazama, uniambie imejaa mpaka wapi. Simshtaki mtu, nauliza tu. Miaka mitatu Lydie amekaa katika ua huu na bado sijui anacheka nini akiwa peke yake. Watu wa kwao, Mahagi, wana adabu nzuri, hilo siwanyimi. Ila kikulacho ki nguoni mwako.

Barua nimeibandika kwa uji wa muhogo. Ukiikuta imefunguliwa, uniambie pia.

Shangazi yako,
Dorothée


Bunia, Ngezi, tarehe 13 mwezi wa pili

Shangazi yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Pole kwa goti, na hongera kwa ndama. Mimi ni mzima, ila sauti imekwisha. Darasa la saba mwaka huu limefurika mpaka wengine wanakaa dirishani, na mwenye nyumba wangu amenunua kikuza sauti cha kanisa ambacho anakijaribu kila alfajiri. Mungu anamsikia, na sisi wote wa Ngezi.

Barua ilifika imefungwa. Fundo lilikuwa lako. Lakini nilipofungua bidon, niliisogeza kwenye mwanga. Samli imeshuka vidole viwili chini ya mdomo, tena katikati kuna shimo, kama vile mtu ameingiza kijiko akazungusha na kuchota.

Nilimtazama Lydie. Alikuwa amekaa anakunywa chai na kufuta vumbi miguuni, mtulivu kabisa. Nikamwuliza, « Wifi, mulisimama njiani? » Akanijibu, « Kwa barrière ya askari tu. Bruno alishuka kuonyesha makaratasi, mie nikabakia na bidon. »

Alibaki na bidon, umesikia. Na alikuwa amevaa kitenge kipya, cha maua mekundu, sijui kimetoka wapi. Fundo linanisumbua kidogo, lakini mtu aliyekaa nawe miaka mitatu si anaweza kujifunza fundo lako?

Tafadhali usiseme kwamba mimi nimesema. Nimekuandikia nilichoona tu.

Wako,
Jeanine


Gety, tarehe 2 mwezi wa tatu

Mwanangu Jeanine,

Salamu nyingi. Mvua imeanza, maharage yamepandwa, na mchungaji amekuja kula kwetu mara mbili akasahau kuomba mara zote mbili. Tunacheka.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Lisemwalo lipo. Nilikuwa nikijiambia labda ni macho yangu, kumbe sivyo.

Sasa sikiliza vizuri. Baba yako mkubwa, muzee Louis, ataita kikao cha ukoo mwezi wa tano. Nimekwisha kumwambia kwamba kuna mkono mrefu nyumbani mwangu. Anataka shahidi, si maneno ya jikoni. Uniandikie karatasi nyingine, mbali na barua, useme ulichoona: bidon imetoka imejaa, imefika imepungua, aliyeibeba ni Lydie. Utie sahihi. Wewe ni mwalimu wa sayansi, neno lako halitapingwa. Ikithibitika, Lydie atarudi kwao Mahagi kwa heshima, hatutampiga wala kumtukana. Orly atabaki hapa. Mtoto ni wa ukoo.

Utaniuliza habari za Vital. Yuko. Siku hizi anasema kwamba mjomba wa mke wake amempatia kazi Mahagi, duka la vipuri vya moto, na kwamba watahama wote watatu mvua ikiisha. Hayo tuyaache, ni maneno ya kijana.

Karatasi usichelewe.

Shangazi yako,
Dorothée


Bunia, tarehe 16 mwezi wa tatu

Shangazi,

Shikamoo na salamu za nyumba nzima. Nimepona mafua. Karatasi uliyoitaka sikuiandika, na ninaomba uvumilie nikueleze kwa nini, hata kama utasema nakufundisha kama watoto.

Wiki hii nilikuwa nafundisha maada. Ndivyo tunavyoita kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi: jiwe, maji, moshi, wewe na mimi. Niliwaambia watoto kwamba maada yote imejengwa kwa chembe ndogo mno, ndogo kuliko unga uliosagwa mara mia. Katika kitu kigumu chembe hizo zimebanana, kila moja mahali pake. Ukikitia moto kikayeyuka, zinaachana kidogo na kuanza kupitana, kwa hiyo zinataka nafasi kubwa zaidi. Ukiendelea kuchochea, zinatawanyika hewani. Sasa maneno matupu hayashibishi darasa, basi nikachukua samli yako, nikaiyeyusha kwenye chupa ya kioo, nikachora mstari wa kalamu pale ilipofika. Mama Alphonsine anayeuza maharage mbele ya shule alituazima mizani. Tukapima, tukaandika ubaoni, tukaiacha ipoe mpaka kengele ya mwisho.

Shangazi, ilishuka. Ilishuka chini ya mstari mbele ya macho yetu wote, na katikati ikafanya shimo, shimo lilelile, kwa sababu inaanza kuganda pembeni na kuivuta ile ya katikati. Binti mmoja anaitwa Plamedie akasimama: « Madame, ile ingine nani amekula? »

Darasa lote likacheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu, kwa maana ndilo swali nililolificha nilipomhoji Lydie akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Tukarudisha chupa kwenye mizani. Uzito ni uleule. Hakuna aliyekula. Chembe ni zilezile, zimekaribiana tu. Maji ndiyo yenye kiburi, yakiganda yanavimba, lakini mafuta yote hufanya hivi, na nta pia, na mshumaa.

Kwa hiyo Lydie hakuchukua kitu, na mimi nilimdhania vibaya na nikakuandikia ujinga. Kama hata sasa una shaka, pima bidon huko kabla haijaondoka, nami nitaipima hapa. Kilo hazidanganyi. Mwambie muzee Louis hivyo.

Wako,
Jeanine


Gety, tarehe 23 mwezi wa nne

Kwa Jeanine,

Salamu za Pasaka. Anayeandika ni Fiacre, kijana wa kwaya, mimi nasema naye anaandika. Mkono wangu wa kulia umeungua kidogo, mambo ya jikoni, usiulize. Barua yako ilichelewa sana kwa sababu njia ilifungwa, moto zote zilikuwa zimekaa.

Habari ya chembe nimeisikia. Sawa. Lakini kwetu kilichotoka kwa ng'ombe hakipandishwi kwenye mizani. Bibi yako alituonya tungali watoto: ukipima alichokupa ng'ombe, umemwambia ameleta kidogo, naye atakausha titi. Hata wakati wa vita tulipokosa chumvi hatukupima. Sitaanza leo kwa ajili ya kitabu cha darasa la saba.

Na vidole viwili viwe ni baridi, sawa, nakuachia hivyo. Lakini kuna watu hapa wanasema kwamba samli yangu inayofika Bunia ina maji. Mtu akinywa nusu na kujaza maji njiani, mizani yako itasema nini? Lydie anakuja na bidon pamoja na barua hii. Tazama vizuri kama hakuna maji. Ukiyakuta, uandike ile karatasi. Kikao ni tarehe 24 mwezi wa tano.

Orly anakusalimu. Anakohoa kidogo.

Dorothée


Bunia, tarehe 28 mwezi wa nne

Shangazi,

Salamu. Nimemtumia Orly dawa ya kikohozi, kijiko kidogo asubuhi na jioni. Barua hii usimpe Fiacre akusomee. Isome mwenyewe hata kama ni polepole.

Maji yapo.

Bidon yako ni nyeupe, ukiiweka mbele ya dirisha unaona ndani. Juu kuna samli ya manjano, ngumu. Chini kabisa kuna maji, yanafika nusu ya kidole changu cha kati. Nikiiinamisha, samli haisogei, imeshika kuta za bidon, na maji yanatembea chini yake. Sijaifungua. Fundo liko vilevile.

Kwanza nilikasirika na Lydie upya, nakuambia kweli. Nikasema, basi shangazi alikuwa na haki tangu mwanzo. Kisha nikakaa, nikafikiri kama ninavyowaambia watoto wafikiri.

Maji na mafuta havichanganyiki, hilo unalijua. Na kwa kipimo kilekile maji ni mazito kuliko samli. Mimina maji ndani ya samli iliyoyeyuka, yatazama mpaka chini na samli itapanda juu. Lakini mimina maji juu ya samli iliyoganda. Yatapita wapi? Yatakaa hapohapo juu, kama mvua juu ya jiwe. Lydie alifika saa nne ya asubuhi, siku ya mvua, midomo inamtetemeka kwa baridi, na bidon ilikuwa ngumu kama sabuni. Bruno anasema hawakusimama hata kwa barrière, askari walikuwa wamejikinga mvua. Hakuna mtu anayewasha moto nyuma ya pikipiki.

Kwa hiyo maji haya yaliingia samli ikiwa bado maji. Na wewe ndiwe uliyeniandikia kwamba unamimina jioni, unafunga mwenyewe, inalala chini ya kitanda chako, na Lydie anaipokea asubuhi imeganda.

Kuna jambo lingine linaninyima amani. Umepika samli tangu kabla baba yangu hajaoa. Katika miaka yote hiyo hujawahi kuiona inashuka ikipoa? Nilikuandikia barua nzima kukufundisha kitu ambacho mikono yako inakijua kuliko kitabu changu. Ulikijua siku uliponiuliza imejaa mpaka wapi. Ulijua nitakujibu nini.

Shangazi, mkono wako uliungua na nini?

Jeanine


Gety, tarehe 11 mwezi wa tano

Jeanine,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Sijui maji gani unasema. Bidon za siku hizi zina uchafu wa kiwandani. Ulisomeshwa na jasho la ukoo huu, sasa unaugeuzia kisogo kwa ajili ya mtu wa kuja.

Kama huna la kunisaidia, nyamaza. Barua yako nimeichoma. Choma na zangu.

Dorothée


Bunia, tarehe 18 mwezi wa tano

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa upendo, naomba uamini neno hilo. Mitihani imenishika, siwezi kuja kwenye kikao. Bruno anakuletea bidon jinsi ilivyofika kwangu, fundo lako halijaguswa, na karatasi uliyoniomba. Nimetia sahihi. Nimeandika nilichoona: samli iliyoganda juu, maji chini, na namna maji yanavyoweza kufika chini. Jina la mtu sikuliweka. Atakayesikiliza atalipata mwenyewe.

Sijamtumia muzee Louis, nimekutumia wewe. Unaweza kuisoma mbele yao, unaweza kuitia motoni kama ile nyingine. Ukiichoma, Lydie atarudi kwao bila mtoto wake, nawe utakuwa na Orly. Sitasema kwamba hutamlea vizuri. Utamlea vizuri sana. Lakini siku moja atauliza mama yake aliiba nini.

Nimeogopa kukuandikia haya. Bado naogopa.

Jeanine


Gety, tarehe 4 mwezi wa sita

Mwanangu Jeanine,

Amani kwako. Wote ni wazima. Kikohozi cha Orly kimeisha, dawa ilikuwa nzuri. Ng'ombe wa madoa anatoa maziwa mengi. Mkono sasa unaandika, unaona mwenyewe.

Tulikaa siku ileile iliyopangwa, sebuleni kwangu. Muzee Louis kwenye kiti, wazee wengine kwenye benchi, Vital mlangoni na uso kama mawingu, Lydie chini kwenye mkeka na mtoto mapajani. Bidon ilikuwa mezani. Karatasi yako ilikuwa ndani ya blauzi yangu.

Muzee Louis akauliza, « Dorothée, karatasi ya mwalimu iko wapi? » Nikasema haijafika. Akamgeukia Lydie, « Weye mutoto, unashitakiwa. Uko na neno? » Lydie akasema, « Baba, mie sina neno. » Hakulia. Alianza kumfungua mtoto kamba za viatu, polepole, kama mtu anayemwandaa kulala. Nikaelewa kwamba alikuwa anamvua ili amwache.

Jeanine, sijui ni nini kilichonishika. Nilikuwa nimejipanga miezi minne, na sasa jambo lilikuwa limefika nilikolitaka. Nikasikia mdomo wangu unasema, « Maji nimetia mie. Na ile ya kwanza ilikuwa imejaa, mafuta yanashukaka yakipoa, kila mwanamuke wa hapa anajua. Nilitaka mutoto abakie. » Nikatoa karatasi yako, nikampa muzee. Akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

Kisha akamwuliza Lydie, « Ulijua? »

« Nilijua, baba. Jioni ile nilikuwa nyuma ya jikoni. Nilisikia maji yanalia mu mafuta ya moto, nikasikia mama anapiga kelele. »

« Na asubuhi ukabeba bidon? »

« Nikabeba. Kama ningekataa, mungesema nimekataa kutumwa. Kama ningesema, nani angeniamini, mie mutu wa Mahagi? »

Hata wale wazee wa benchi waliokuja na hukumu mfukoni walitazama miguu yao. Vital alitoka nje na hakurudi mpaka jioni. Muzee Louis amenitoza mbuzi wa kumsafisha Lydie jina, na nimemtoa. Lakini mbuzi si kitu.

Wewe uliniuliza mkono uliungua na nini, na nikakukasirikia. Lakini kuna la pili hukulijua. Tangu siku ile niliyoungua, ni Lydie aliyekuwa ananiosha kidonda kila asubuhi. Maji ya chumvi, kitambaa safi, kwa mikono ya taratibu. Alikuwa anauliza tu, « Mama, inauma? » Nami nilikuwa nasema moyoni, huyu hajui kitu. Alijua kila kitu tangu asubuhi ya kwanza.

Wameondoka juzi kwenda Mahagi, wote watatu, kwa moto mbili. Kabla ya kupanda, Lydie aliniita jikoni, akanikalisha, akanifunga kitambaa kipya. Nikafungua mdomo nimwombe msamaha, nikajikuta namwuliza kama Orly amekula. Akaniambia, « Mama, kesho utafunga weye mwenyewe. Usikaze sana. »

Kitambaa ni hichohicho alichonifunga. Sijakifungua.

Shangazi yako,
Dorothée